Bwana Harusi Amevaa Sketi: Avae Viatu Gani?

Binamu yangu alirudi Kibomet, hapa Kitale, kutoka Aberdeen, Uskoti, na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa na zawadi, tukalimaliza kabla chai haijachemka. La pili lilikuwa na sketi.

"Si sketi," akasema. "Ni kilti. Nitaoa nayo Jumamosi ijayo."

Tulinyamaza mpaka tukaanza kusikia mashine ya kusaga mahindi iliyo kule stejini.

Senge, yaani shangazi yetu, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyeishika kwanza. Aliipindua, akalamba kidole, akahesabu marinda. "Hii naijua," akasema. "Nimewashonea wasichana wa shule sketi za namna hii miaka ishirini. Tofauti ni kwamba hii moja imekula kitambaa cha darasa zima." Hakukosea. Kilti rasmi hula yadi nane za sufu, yaani mita saba na kitu. Nyuma ni marinda, mbele ni bapa, na pindo hukomea katikati ya goti. Ikishuka chini ya goti, wewe ni mteja wa senge, kidato cha pili. Ikipanda juu ya goti, wewe ni kesi.

Swali ambalo kila mtu alitaka kuuliza, la kilicho chini ya kilti, senge alilifunga siku hiyo hiyo. Alimpima binamu kiuno, akaingia chumbani na kitambaa cheusi, cherehani ikalia dakika kumi. "Jibu ninalo," akasema alipotoka, "na siliuzi."

Kwa hiyo lililobaki ni la miguu. Suruali ni rafiki wa mwanamume: huficha soksi iliyotoboka, huficha kisigino kilichoisha upande mmoja, huficha hata mguu wenyewe kama ni mwembamba. Kilti haifichi kitu. Kuanzia goti hadi ardhini kila kitu kiko kizimbani. Na ardhi yenyewe ni ya Kibomet, mwezi wa Agosti. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua huingia Machi na huondoka inapopenda, na njia ya kutoka kwetu kwenda barabarani hugeuka uji wa wimbi.

Binamu alikuja na viatu vyake halisi vya kilti. Tutavifikia, maana vilikuwa na safari yao. Kwa sasa jueni tu kwamba Jumapili jioni kamati ilikaa chini ya mparachichi: mimi katibu, senge, khocha wetu, yaani mjomba, aliyestaafu jeshini akiwa koplo, kukhu, bibi yetu, kwenye kiti chake cha kamba, na fundi wa akala, viatu vya tairi, kutoka sokoni, ambaye alikuja kudai deni lake akakaribishwa chai na hakuondoka tena. Tulivipanga viatu kwa namba, tukaanzia chini.

9. Patipati

"Zinaingiza hewa," alijaribu binamu.

"Hata choo kina hewa," akajibu khocha.

Tukaendelea.

8. Raba nyeupe

Hizi zina wakili wao. Mashabiki wa timu ya taifa ya Uskoti, wanaojiita Jeshi la Tartani, huenda uwanjani na kilti, na chini wamevaa raba au buti za kazi, soksi wamezisukuma zikarundikana kifundoni kama ngozi ya shingo ya ng'ombe mzee. Walifurika Ujerumani kwenye Euro ya 2024, wakaimba, wakanywa, wakapendwa na kila mtu. Mechi ya kwanza wakafungwa 5–1 na wenyeji. Sisemi ni raba. Mimi ni wa Ingwe, na shabiki wa AFC Leopards hana kibali cha kumcheka mtu kwa sababu ya timu yake.

Shida ni rangi. Raba nyeupe Kibomet ni kama kumbikumbi: usiku inang'aa kwenye taa, asubuhi mbawa ziko chini.

7. Makubazi

Shemeji yetu wa Mombasa alipiga simu akiwa amecheka tayari. "Nyinyi watu wa bara mnajitesa. Mwanamume kuvaa nguo isiyo na miguu miwili, huku kwetu ni Ijumaa ya kawaida. Mpe kikoi, mpe makubazi, mambo yaishe."

Ana hoja. Pwani ilishamaliza mjadala huu zamani sana, na sheria yake ni fupi: makubazi hayavaliwi na soksi. Ile kamba ya ngozi hupita kati ya dole gumba na kidole cha pili, na ukiilazimisha juu ya soksi mguu wako unageuka kwato ya mbuzi. Lakini hapo ndipo kikoi na kilti vinapoachana. Kikoi ni pamba na upepo wa bahari. Kilti ni sufu na baridi, na sufu ya juu hudai sufu ya chini. Kilti na mguu mtupu ndani ya makubazi humfanya mtu aonekane ametoka bafuni akakuta wageni.

Shemeji hakukata tamaa. Ana jamaa anayefanya kazi Maskati, akatutumia video: wanajeshi wa Oman wakipuliza zile zumari za Kiskoti zenye mfuko wa kubana kwapani, tena wakiwa juu ya ngamia. Na si utani, Oman ina bendi za namna hiyo kweli. "Mmeona? Zumari bila sketi inawezekana."

"Basi na sketi bila zumari inawezekana," akasema binamu, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo alipata bao.

6. Safari Boots

Kila mwanamume wa Kenya amewahi kuwa na jozi, au amewahi kufundishwa hesabu na mtu mwenye jozi. Ni buti fupi za ngozi ya manyoya, za Bata wa Limuru. Kwa sura ni ndugu wa karibu wa zile alizozianzisha Nathan Clark. Huyo alikuwa mwanajeshi wa Uingereza kule Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaona maofisa wamevaa buti za manyoya zilizoshonwa Cairo, na mwaka 1950 kampuni ya ukoo wake ikaanza kuziuza. Zilibuniwa kwa ajili ya jangwa. Neno hilo jangwa lisomeni tena, kisha mtazame nje ya dirisha.

Na kilti zinapendeza, nakiri. Rangi ya mchanga, soksi za kijani, mwanamume anaonekana kama mwalimu mkuu aliyestaafu na kununua ng'ombe wa maziwa. Lakini ngozi ya manyoya na matope ni mahusiano ya siku moja. Ikishalowa, ukiipiga brashi unaivua manyoya, usipoipiga inakauka kama mkate wa juzi.

5. Buti za jeshi

Khocha alikuwa akiingoja namba hii. Alisimama, akanyoosha shati.

Hoja yake: kilti ni vazi la askari, na askari huvaa buti. Hoja yangu: khocha, historia ya eneo hili haikuungi mkono. Askari wengi wa KAR, jeshi la Waingereza la huku kwetu, katika Vita vya Kwanza vya Dunia walitembea vita nzima wamezungushiwa vitambaa vya sufu kuanzia kifundo hadi karibu na goti, na chini ya vitambaa hivyo, hakuna kiatu. Soksi bila kiatu, ukitaka kusema hivyo. Yaani sirikali ilivisha muundi wa mguu ikasahau unyayo.

Na kutoka KAR hiyo hiyo ndiko alikotoka jirani yetu Idi Amin wa Uganda, aliyeingia mwaka 1946. Amin aliwapenda Waskoti hadi akajiita Mfalme wa Uskoti. Giles Foden akaandika riwaya mwaka 1998, ikawa filamu mwaka 2006, na Forest Whitaker akabeba Oscar kwa kumwigiza. Wengi huishia hapo na kucheka. Sisi wa Kitale tuna sababu ya ziada. Mwezi wa Februari 1976 Amin alitangaza kwamba magharibi ya Kenya, hadi kilomita chache kabla ya Nairobi, ilikuwa ya Uganda kihistoria. Alikuwa anashika uzi wa kweli: hadi mwaka 1902 sehemu hii ilihesabiwa ndani ya Uganda, kisha Waingereza wakausogeza mstari. Lakini hebu fikirini. Mtu anajiita Mfalme wa Uskoti, na mtu huyo huyo anadai Kibomet. Kama ramani yake ingekubaliwa, sisi sote hapa tungekuwa Waskoti, na kamati hii isingekuwa na kazi.

"Kwa hiyo buti?" akauliza khocha.

Kura tatu kwa moja. Buti nyeusi za jeshi zinaifanya kilti ionekane inataka kukamata mtu.

Hapa tunapumzika kidogo, tuongee soksi

Namba hazijaisha, lakini senge alikataa tuendelee. "Mnachagua kiatu, na kiatu ni tako la sufuria. Mtu hutazama soksi."

Soksi za kilti ni ndefu, nene, za sufu, na zina adabu zake. Hupanda hadi chini ya goti, kisha hukunjwa, na kati ya mkunjo na goti pabaki nafasi ya vidole vitatu. Ndani ya mkunjo kuna kamba ya mpira ya kuzuia soksi isishuke, na kwenye kamba hiyo huning'inia vitepe viwili vya rangi, upande wa nje wa mguu. Wanaojua mambo hawapendi soksi nyeupe. Wanasema zinamwonyesha mtu kuwa kilti ni ya kukodi. Kijani ni sawa, rangi ya damu ya mzee ni sawa, kijivu ni sawa.

Binamu alipofika kwenye kijivu, mkunjo na kamba ya mpira, watu watano chini ya mparachichi walitazamana.

Maana hizo ni soksi za shule ya msingi! Kaptura ya kaki, soksi ndefu za kijivu zenye mistari miwili juu, zimekunjwa chini ya goti. Na mpira? Tyubu ya baiskeli. Ulikata pete mbili nyembamba kwa wembe, ukazificha ndani ya mkunjo, na Jumatatu asubuhi kwenye gwaride soksi yako haikuanguka kiranja alipopita. Jioni ukizivua, mguu ulikuwa na mfereji unaoweza kupitisha maji. Khocha alipandisha suruali kututhibitishia kwamba alama yake bado ipo. Miaka sitini. Tuliangalia, kulikuwa na kitu, huenda ni mshipa.

Kwa hiyo mwanamume wa Trans Nzoia au Bungoma asiambiwe kwamba soksi za kilti ni ugeni. Alizivaa miaka minane, akachapwa kwa ajili yake.

Kuna na kisu. Waskoti huchomeka kisu kidogo kwenye soksi ya mguu wa kulia, mpini ukichungulia juu ya mkunjo. Kwa Kigaeli kinaitwa sgian-dubh, kisu cheusi. Binamu alikuja nacho, ndani ya sanduku la chini ya ndege, kwa sababu ukiingia nacho mkononi hutafika Nairobi. Senge alisema kisu hakitaingia kanisani. Kukhu, aliyekuwa kimya tangu namba tisa, akasema karani mmoja wa zamani pale mjini alikuwa akichomeka kitana kwenye soksi, na alikuwa akikitoa mbele ya watu akichana nywele kabla ya kusoma barua. "Nacho kilikuwa kirefu kuliko hicho kisu."

Imepitishwa: kitana.

4. Gambuti

Hapa nitatetea kidogo, maana gambuti ndiyo kiatu cha taifa la Kibomet, na haina anayeisemea kwenye majarida ya mitindo.

Mgeni hajui utaratibu wetu, basi nauandika. Mtu wa huku anayekwenda mjini ana jozi mbili. Anatoka nyumbani na gambuti, viatu vya maana viko kwenye begi. Akifika lami anaingia kibandani kwa mama wa mandazi, anakaa kwenye benchi, anabadilisha. Gambuti zinabaki chini ya meza ya mama mandazi, zimejipanga na za wengine, kila moja na alama: ya huyu ina kiraka cha bluu, ya yule ina jina la mke. Jioni safari inarudi kinyume. Zamani kulikuwa na njia ya mkato: unavaa kiatu chako kizuri halafu unakifunika na juala la plastiki hadi lami. Agosti 2017 majuala yakapigwa marufuku nchini, na mama mandazi akapata wateja zaidi. Hakuna anayebadilisha viatu pale bila kununua mandazi mawili na chai.

Sasa ivae gambuti na kilti. Tatizo la kwanza ni ukingo: mdomo wa gambuti husugua nyuma ya mguu, na mtu wa suruali hajui kwa nini gambuti zake hazimuumi. Soksi ya sufu inatatua hilo vizuri kabisa. Tatizo la pili halina dawa. Gambuti humeza soksi, humeza mkunjo, humeza vitepe, humeza kitana. Yote tuliyoyajadili saa nzima yanaingia shimoni, na binamu anabaki anafanana na daktari wa ng'ombe aliyeamshwa usiku kabla ya kupata suruali.

Zitatumika kutoka nyumbani hadi kwa mama mandazi. Ndani ya kanisa, hapana.

3. Viatu vyenyewe vya kilti

Ndiyo, namba tatu. Msinitazame hivyo, subirini.

Waskoti huviita ghillie brogues. Brogue ni kutoka bròg ya Kigaeli, ambayo maana yake ni kiatu, kwa hiyo mtu anayesema "viatu vya brogue" anasema viatu vya viatu. Ni vyeusi, vinang'aa, na havina ulimi. Pale ambapo kiatu cha kawaida kina ulimi, hivi vina uwazi na soksi inaonekana. Kamba zake ni ndefu kama za kufungia ndama: unazisokota mara kadhaa juu ya mguu, unazipeleka nyuma, unazizungusha kwenye kifundo na kuzifunga juu huko, mashada yakining'inia. Na ngozi ina vitobo vya urembo.

Lakini urembo huo una kazi nyuma yake. Inasimuliwa kwamba vitobo vilikuwa vya kweli zamani: mtu wa milimani alivuka kinamasi, maji yakaingia, yakatokea kwenye vitobo. Ulimi uliondolewa ili kiatu kikauke upesi. Kamba zilifungwa juu kabisa ili fundo lisizame kwenye matope. Mkisikiliza vizuri, hicho si kiatu cha harusi. Ni kiatu cha mtu wa Kibomet aliyezaliwa mahali pengine.

Tatizo ni kwamba siku hizi vitobo havitoboki upande wa pili. Fundi wa Aberdeen hajui mvua ya kwetu na hakuwa na haja. Ijumaa, siku mbili kabla ya kikao chetu, binamu alivaa vazi kamili ili apigwe picha stejini. Alifika hatua arobaini. Gurudumu la trekta lilikuwa limechimba mtaro, yeye akaukanyaga katikati, akazama hadi kifundoni. Matope yaliingia pale ambapo ulimi ungekuwa, na hayakuwa na pa kutokea. Alirudi akitembea kama mtu aliyebeba maji miguuni, ambayo ndiyo hali halisi.

Kumvua ikawa kazi. Kamba zilinywa matope zikavimba, na fundo likakaza kama deni la chama. Kukhu akaamuru karai la maji vuguvugu. Binamu akakaa kwenye kigoda, kilti imekunjwa mapajani, miguu miwili ndani ya karai na viatu vyake, nusu saa. Fundo halikusikia. Mwishowe khocha akachomoa kile kisu kutoka kwenye soksi, akakata kamba zote mbili, akasema, "Nilikuwa najiuliza hiki ni cha kazi gani."

Kamba za urefu huo hazipatikani Kitale. Tulijaribu za shule, zikafika nusu ya njia. Hapo ndipo kamati ilipoundwa. Hapo ndipo kamati ilipoundwa.

2. Miguu mitupu

Tukiwa bado tunabishana kuhusu katani, tulisikia chinyimba. Huu ulikuwa mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kwa Wabukusu Agosti ya mwaka wa namna hiyo ni msimu wa tohara. Kijana mmoja akaja mbio njiani na kundi la ndugu wakiimba, anawaita jamaa kwenye siku yake, anapiga zile njuga za chuma mikononi, kifua wazi, miguu mitupu. Alipofika kwenye ua wetu akamwona binamu, aliyekuwa ameijaribu tena kilti ili senge aone pindo.

Njuga zikanyamaza. Wakatazamana: mmoja amejivika shanga, mwingine amejivika yadi nane za sufu.

"Na wewe ni lini?" akauliza kijana.

"Jumamosi," akasema binamu.

Kijana akaitikia kwa kichwa, kwa heshima ya mtu anayejua jambo zito, akaendelea na safari yake. Siku yake ikifika atapelekwa mtoni alfajiri na baridi yake, atapakwa matope kwa heshima, na atasimama uwanjani bila kiatu. Hatauliza kuhusu soksi.

Kukhu hapo akatoa kura yake. Alisema yeye aliolewa miguu mitupu na ndoa ilidumu. Nami nikaongeza niliyoyajua: hao Waskoti wa milimani wa zamani, wengi wao walitembea peku na kilti yao; na Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki, Roma 1960, bila kiatu. Khocha akasema Bikila hakuwa na mama mkwe mstari wa mbele. Senge akasema kanisa limewekwa vigae vipya, na vigae vya Agosti ni barafu. Tuliipa namba mbili kwa sababu ya kukhu, na kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumwambia ni namba tatu.

1. Akala

Fundi alikuwa amekunywa vikombe vinne bila kusema neno la biashara. Sasa akakiweka kikombe chini.

"Nyinyi mnauliza mwanamume aliyefunga kitambaa kiunoni anavaa nini mguuni. Si mngeenda tu stendi ya magari ya Lodwar mkaangalia?"

Na ndivyo ilivyo. Kitale ndio mlango wa kaskazini. Kila siku Wapokot na Waturkana huja na mabasi kutoka Kapenguria na Lodwar, mzee amejifunga shuka, fimbo mkononi, kigoda chake cha ekicholong kwenye vidole, na chini, akala. Hakuna anayemwita amevaa sketi. Ni vazi, na lina kiatu chake, na wamekubaliana miaka mingi. Ingawa si kila sirikali ilikubali: London ilipiga marufuku mavazi ya milimani mwaka 1746 baada ya uasi wa Waskoti, ikaachilia mwaka 1782, na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960 iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai rubega wakavae suruali. Rubega ipo. Kilti ipo. Nadhani wanaume huvumilia mengi, ila si kuambiwa wavae suruali.

Jumatatu asubuhi tulikwenda kwa fundi. Ana gogo, kisu, kopo la maji na rundo la matairi ya lori. Alichagua kwa muda mrefu. Tairi lenye nyaya za chuma ndani hula kisu, kwa hiyo hutafuta yale ya zamani yenye nyuzi za nailoni. Binamu alipoweka mguu kwenye mpira ili achorwe, fundi alimsimamisha. "Vaa soksi kwanza. Wewe unaoa na soksi." Akachora na chaki kuzunguka soksi nene ya kijivu, akachovya kisu majini ili kiteleze, akakata. Mpira ulilia kama mlango wa zamani. Mikanda aliikata kutoka ubavu wa tairi, pale palipo laini, miwili ikipishana juu ya mguu na mmoja nyuma ya kisigino; hakuna wa kati ya vidole, kwa hiyo hakuna kwato. Misumari akaigonga, akaipinda, akaizamisha. Unyayoni akaacha meno ya tairi yalivyo.

Hesabu ya kamati: haina ulimi, maji yakiingia yanatoka, matope yanaoshwa kwa kikombe kimoja, soksi inaonekana yote, haina kamba ya kuvimba. Kila alichokitaka yule mtu wa milimani kwenye bròg yake kimo humu, na deni la fundi likalipwa pamoja na jozi mpya.

Jumamosi mvua ilinyesha kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Bwana harusi alitembea na akala zake kuanzia nyumbani, hakuhitaji hata benchi la mama mandazi, ingawa alinunua mawili kwa adabu. Nyuma yake njia nzima ilikuwa na alama za magurudumu, kana kwamba lori dogo sana lilikuwa linakwenda kanisani. Mlangoni alimwagiwa kikombe kimoja cha maji kila mguu, akaingia kwenye vigae akiwa safi.

Kilti ilitulia. Kitana kilichungulia kwenye soksi ya kulia. Mchungaji alikuwa ameshika pete kwa vidole viwili, kanisa limenyamaza, na hapo ndipo sauti ya kukhu ilipotoka mstari wa pili, haikuwa kubwa lakini ilifika kila mahali.

"Soksi ya kushoto imeshuka."

Ilikuwa imeshuka kweli, hadi kifundoni, Jeshi la Tartani kabisa. Ile kamba ya mpira ya Aberdeen ilikuwa imekatika. Khocha aliinuka polepole, akaingiza mkono mfukoni, akatoa pete nyembamba ya tyubu ya baiskeli. Alikuja tayari. Mchungaji akasubiri. Binamu akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akainua mguu akauweka juu ya benchi la mbele ili khocha apate pa kufungia.

Kanisa zima likainama kidogo mbele. Senge peke yake ndiye aliyebaki ameketi wima.